Mwongozo wa Kuichunguza na Kuitunza Postikadi ya Mbio za Magari za Kombe la Gordon Bennett

Kombe la Gordon Bennett lilishindaniwa mara 6, kuanzia mwaka 1900 hadi 1905. Lilipewa jina la James Gordon Bennett, Mmarekani mwenye gazeti la New York Herald aliyeishi Paris, ambaye alilitoa ili vilabu vya magari vya mataifa mbalimbali vishindane. Kila taifa liliruhusiwa kuingiza magari yasiyozidi 3, kila kipuri cha gari kilipaswa kuwa kimetengenezwa katika nchi iliyowakilishwa, na klabu iliyoshinda ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa mbio zilizofuata. Mashindano matatu ya mwanzo yalikwenda mji kwa mji kutoka Paris, hadi Lyon, Bordeaux na Innsbruck. Matatu ya mwisho yalifanyika kwenye mizunguko ya barabara zilizofungwa kwa ajili ya mbio: Ireland tarehe 2 Julai 1903, milima ya Taunus nchini Ujerumani tarehe 17 Juni 1904, na Auvergne nchini Ufaransa tarehe 5 Julai 1905.

Haya matatu ya mwisho yaliangukia wakati ambapo watu wa Ulaya walikuwa wamepagawa na postikadi. Zilichapwa kwa wingi, ziliuzwa kwa bei ndogo, na mtazamaji aliyekosa medali au programu ya mashindano hakukosa kadi ya kumpelekea shangazi yake. Ndiyo maana, miongoni mwa kumbukumbu zote za mbio hizo, postikadi ndiyo ambayo mtu wa leo anaweza kuipata bila kuuza shamba. Ndiyo pia inayoigizwa na kupachikwa maelezo ya uongo kuliko nyingine. Mwongozo huu umekusudiwa mtu aliyekutana na kadi ya namna hiyo, au anayefikiria kuinunua kwenye mnada wa mtandaoni, na msimamo wake ni mmoja: maneno yaliyochapwa chini ya picha ni dai la mchapishaji, na dai hilo halikubaliki mpaka karatasi, mgongo wa kadi na muhuri wa posta vitoe ushahidi wao.

Hatua ya kwanza: andaa meza

Tandika karatasi nyeupe juu ya meza safi na kavu. Uwe na rula yenye milimita, lenzi ya kukuza mara 10 ya aina wanayotumia masonara, tochi ndogo, taa ya miale ya urujuanimno kama ile ambayo wenye maduka hukagulia noti, na penseli laini ya kuandikia kumbukumbu. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo kabisa, wala kikombe cha chai. Nawa mikono, uikaushe vizuri, na uishike kadi kwenye kingo zake. Ikiwa uso wa kadi unang'aa kama picha ya studio, vaa glavu nyembamba za mpira zisizo na unga, kwa sababu jasho la kidole huacha alama ambayo huenda isionekane leo lakini ikajitokeza baada ya miaka kadhaa. Glavu za pamba hazifai kwa kazi hii, kwani nyuzi zake hunasa kwenye pembe za kadi zilizoanza kufumuka.

Hatua ya pili: ipime na uiangaze

Postikadi za wakati huo zilikuwa na ukubwa wa karibu sentimita 9 kwa 14. Tofauti ya milimita moja au mbili ni ya kawaida, maana mashine za kukata hazikuwa sawa. Kadi yenye sentimita 10 kwa 15 ni jambo jingine: huo ni ukubwa wa kisasa, na mara nyingi unaonyesha kwamba unachokishika ni nakala. Kadi iliyo ndogo waziwazi kuliko 9 kwa 14 huenda ilipunguzwa kwa mkasi ili iingie katika albamu, na hapo thamani yake hupungua hata kama ni ya kweli.

Washa tochi na uilaze karibu na usawa wa meza ili mwanga upite juu ya kadi kutoka pembeni. Mikunjo iliyonyooshwa, pembe zilizogundishwa upya na sehemu zilizochunwa karatasi kwa sababu ya gundi ya albamu zitajitokeza kwa vivuli vyake. Baada ya hapo zima taa za chumba na uiangaze kadi kwa urujuanimno. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zina kemikali ya kung'arisha weupe, nazo huwaka kwa mng'ao wa buluu, ilhali karatasi ya mwaka 1905 hubaki imefifia, ya rangi ya maziwa au kahawia hafifu. Kipimo hiki kina upande mmoja tu wa uhakika. Kadi inayowaka si ya mwaka 1905, lakini isiyowaka haijathibitishwa kuwa ya zamani, kwa sababu hata leo zipo karatasi zisizotiwa kemikali hiyo.

Hatua ya tatu: usome mgongo kabla ya uso

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote, na ninashauri kadi ilazwe kifudifudi mezani tangu mwanzo ili picha isikuteke akili.

Awali, kanuni za posta katika nchi nyingi ziliutenga mgongo wote wa kadi kwa ajili ya anwani. Aliyetaka kuandika neno alilibana upande wa picha, pembezoni au katikati ya mawingu. Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari, ujumbe kushoto na anwani kulia, mwaka 1902. Ufaransa ilifuata mwishoni mwa mwaka 1903, Ujerumani mwaka 1905, na Marekani mwezi Machi 1907. Tarehe hizi nne zinafaa kukaririwa, kwa kuwa zinaingiliana moja kwa moja na kalenda ya mbio zenyewe.

Chukua mbio za Taunus za Juni 1904. Kadi iliyochapwa Ujerumani kwa ajili ya siku hiyo inapaswa kuwa na mgongo usiogawanywa, na mara nyingi picha yake itakuwa imeachiwa nafasi nyeupe chini au kando kwa ajili ya maandishi. Kadi ya Kifaransa ya mbio hizohizo inaweza kuwa tayari na mstari. Kwa mbio za Auvergne za Julai 1905, kadi ya Kifaransa yenye mgongo uliogawanywa ndiyo inayotarajiwa. Kwa mbio za Ireland za Julai 1903, kadi iliyotolewa Ufaransa majira hayohayo ya joto haiwezi kuwa na mstari, lakini ya Uingereza inaweza.

Kanuni hii hufanya kazi kwa mwelekeo mmoja. Mstari unakuambia kwamba kadi haikuchapwa kabla ya mwaka fulani. Kukosekana kwa mstari hakukuambii ilitumika lini, kwa sababu wenye maduka waliendelea kuuza shehena ya zamani mpaka iishe. Mfano mzuri ni kadi za mbio za Paris hadi Madrid zilizoanza tarehe 24 Mei 1903, ambazo hazikuwa za Kombe la Gordon Bennett ingawa wauzaji huzichanganya nazo kila siku. Mbio hizo zilisimamishwa Bordeaux baada ya ajali nyingi, na miongoni mwa waliokufa alikuwa Marcel Renault. Ukiona kadi ya Kifaransa yenye picha yake ndani ya gari la mbio hizo, na mgongo wake umegawanywa, basi ilichapwa miezi kadhaa baada ya msiba. Si lazima iwe bandia, lakini muuzaji anayedai kwamba ilinunuliwa kando ya barabara siku ya mbio amekosea au anakukosesha.

Kadi nyingi za Kifaransa za miaka ya 1904 hadi 1906 zina pia sentensi ndogo iliyochapwa upande wa ujumbe, inayomwonya mtumaji kwamba si nchi zote za kigeni zinazokubali maandishi upande huo na kwamba aulize posta. Onyo hilo lilikuwa na maana wakati ambapo kila nchi ilikuwa na kanuni yake, nalo likapotea kanuni zilipolingana. Ukilikuta kwenye kadi ya Auvergne, umepata shahidi ambaye waghushi wengi wa leo hawamkumbuki.

Angalia pia jina au alama ya mchapishaji. Herufi ND ni za nyumba ya Neurdein na LL ni za nyumba ya Lévy, zote za Paris, nazo zilikuwa miongoni mwa kubwa nchini Ufaransa. Wapiga picha wa miji midogo waliandika jina lao kamili pamoja na mji, na kadi zao mara nyingi huonyesha kona na vijiji ambavyo wakubwa wa Paris hawakuvifikia.

Hatua ya nne: stempu na muhuri

Nchini Ufaransa kadi yenye ujumbe ililipiwa santimu 10, na iliyobeba salamu isiyozidi maneno 5 ililipiwa santimu 5. Kwa hiyo kwenye kadi ya Auvergne utakutana na stempu nyekundu ya santimu 10 yenye mwanamke anayepanda mbegu, iliyoanza kutolewa mwaka 1903, au ya kijani ya santimu 5 kwa yule aliyebana matumizi na kuandika jina lake na «salamu nyingi» tu. Nchini Ujerumani kadi ya ndani ya nchi ilibeba stempu ya kijani ya pfenigi 5 yenye sura ya Germania, mwanamke anayewakilisha taifa la Ujerumani. Ireland ya mwaka 1903 ilikuwa bado chini ya utawala wa Uingereza, kwa hiyo stempu yake ni ya kijani ya nusu peni yenye kichwa cha Mfalme Edward wa Saba.

Usishtuke ukikuta mgongo wa kadi ya Kifaransa hauna stempu. Wakusanyaji wa wakati huo walipenda stempu ibandikwe upande wa picha, na marafiki zao waliwatimizia. Geuza kadi kwanza kabla ya kudhani kwamba stempu imebanduliwa.

Muhuri usomwe kwa lenzi, herufi kwa herufi. Wa Kifaransa huwa na jina la mji juu, jina la mkoa chini, na katikati siku, mwezi na tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Kwa Clermont-Ferrand, mji mkubwa wa Auvergne, utatafuta maneno PUY-DE-DÔME kwenye ukingo wa chini. Kisha chunguza mahali ambapo mstari wa muhuri unavuka kutoka kwenye stempu kwenda kwenye karatasi. Wino unapaswa kuendelea bila kukatika na kwa mpindo uleule. Mstari ukiishia kwenye meno ya stempu, au ukiendelea ukiwa umehama milimita mbili, stempu hiyo ilitoka kwenye kadi nyingine.

Baada ya kusoma tarehe, ilinganishe na dai la picha. Mwaka 1905 Ufaransa ilikuwa na magari mengi kuliko nafasi 3 ilizoruhusiwa, kwa hiyo ilifanya mbio za mchujo tarehe 16 Juni kwenye barabara zilezile za Auvergne, na aliyeshinda alikuwa Léon Théry, ambaye tarehe 5 Julai alishinda pia Kombe lenyewe. Kadi inayomwonyesha Théry mshindi, yenye muhuri wa tarehe 25 Juni 1905, haiwezi kuwa picha ya ushindi wa Kombe la mwaka huo. Ni ya mchujo, au ni ya ushindi wake wa Taunus mwaka uliotangulia. Wauzaji wengi huandika «Kombe la 1905» bila kuutazama muhuri, na wakati mwingine mnunuzi makini hufaidika kwa uzembe huo, maana kadi za mchujo zina wapenzi wake.

Kadi nyingi zenye picha za kona, madaraja na vijiji vya njia ya mashindano, kama Rochefort, Bourg-Lastic au Pontgibaud, zingeweza kuchapwa kabla ya mbio, kwa kuwa mpiga picha hakuhitaji gari lolote ili kuzipiga. Muhuri wa kabla ya tarehe 5 Julai kwenye kadi za namna hiyo si kasoro.

Kadi ambayo haikutumwa haina muhuri, na wakusanyaji wengi huilipia zaidi kwa sababu ni safi. Binafsi naona wanakosea. Kadi iliyochakaa kidogo, iliyotiwa muhuri Clermont-Ferrand katika wiki ya mbio, ikiwa na sentensi mbili za mtu aliyelalamikia vumbi na bei ya chumba, ina ushahidi ambao kadi safi haiwezi kuutoa.

Hatua ya tano: tazama uchapaji kwa lenzi

Sasa geuza uso juu. Weka lenzi kwenye sehemu ya kijivu isiyo na mambo mengi, kama anga au barabara, na uangalie rangi imeundwa na nini. Kadi nyingi nzuri za Kifaransa zilichapwa kwa bamba la kioo lenye tabaka la jelatini, na chini ya lenzi utaona chembechembe ndogo zilizojikunjakunja bila mpangilio. Uchapaji wa bei nafuu zaidi ulitumia nukta zilizopangwa kwa mistari sawasawa, kama za gazeti. Kadi iliyo picha halisi, yaani iliyooshwa kwenye karatasi ya picha yenye madini ya fedha, haina chembe wala nukta: kijivu hufifia polepole kama kwenye pasipoti za zamani, na mara nyingi sehemu zake nyeusi, hasa kwenye kingo, huwa na mng'ao wa kioo cha fedha unapoinamisha kadi.

Nakala ya kisasa hujisaliti hapahapa. Ukikuta nukta za buluu, waridi, njano na nyeusi zikikaa katika vimaua vidogo, ilhali picha kwa macho ni ya kahawia moja tu, mtu ameichapa kutoka kwenye skani ya rangi. Dalili nyingine ni mikunjo na madoa yaliyomo ndani ya picha, yasiyohisiwa na kidole wala kutoa kivuli chini ya tochi.

Msomaji wa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam anayetaka kulizoesha jicho lake si lazima asubiri kadi ya Auvergne. Postikadi za Zanzibar za A. C. Gomes ni za kipindi hichohicho, na bado hujitokeza katika familia na kwa wauzaji wa vitu vya kale. Jioni moja ya kuzitazama kwa lenzi pamoja na gazeti la leo na picha ya studio itamfundisha zaidi ya kurasa nyingi za maelezo.

Hatua ya sita: lihoji gari lenyewe

Tafuta kwanza namba. Magari ya mashindano yalichorwa namba kubwa mbele au ubavuni. Gari lisilo na namba pengine lilipigwa picha wakati wa mazoezi, kiwandani, au katika tukio jingine kabisa. Hesabu watu: kwenye mbio hizi dereva aliketi pamoja na fundi wake, kwa hiyo mtu mmoja peke yake nyuma ya usukani, amevaa kofia ya mtaani na kamera imemsubiri atulie, huenda ni picha ya matangazo.

Kisha yatazame magurudumu, kwani yanasema jambo ambalo maandishi hayasemi. Kamera zilizotumiwa kunasa magari yaendayo kasi zilikuwa na pazia lenye ufa mwembamba lililoshuka mbele ya bamba la picha. Kwa kuwa taswira hukaa juu chini ndani ya kamera, ufa ulipoanzia juu ulinasa kwanza sehemu ya chini ya gari, yaani matairi kwenye barabara, na ulipofika chini ulinasa kichwa cha dereva. Katika sekunde hiyo ndogo gari lilikuwa limeshasogea, kwa hiyo sehemu za juu ziliangukia mbele zaidi ya zile za chini. Matokeo yake gurudumu huonekana kama yai lililoinamia mbele, na gari zima huonekana likijitupa kuelekea mwisho wa barabara. Ukiliona umbo hilo, gari lilikuwa linakwenda. Ukiona magurudumu ya duara kamili yenye kila spoki dhahiri, na nyuma yake wingu zito la vumbi lenye kingo laini mno, lenzi itakuonyesha mara nyingi alama za brashi: gari lilikuwa limesimama, na vumbi lilichorwa studioni. Udanganyifu huo ni wa wakati uleule na hauifanyi kadi kuwa bandia, ila unaifanya kuwa kielelezo cha biashara ya postikadi kuliko cha mbio.

Rangi nazo zisikupumbaze. Kila taifa lilikuwa na yake: Ufaransa buluu, Ujerumani nyeupe, Ubelgiji njano, na gari la Uingereza, Napier, lilipakwa kijani. Picha zilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, kisha wafanyakazi wa karakana wakazipaka rangi kwa mkono au kwa vipande vya karatasi vilivyotobolewa, na wengi wao hawakuwahi kuliona gari lenyewe. Kadi yenye Mercedes ya Ujerumani katika rangi nyekundu ni kosa la mpaka rangi, na kosa la namna hiyo ni la kuandikwa katika kumbukumbu, wala si sababu ya kuitupa kadi.

Mwisho wa hatua hii, soma maelezo yaliyochapwa na uyapambanishe na historia. Camille Jenatzy, Mbelgiji aliyeendeshea upande wa Ujerumani, alishinda Ireland mwaka 1903 kwa Mercedes ya nguvu-farasi 60. Magari mapya ya nguvu-farasi 90 yaliyokusudiwa kwa mbio hizo yaliteketea kwa moto kiwandani Cannstatt wiki chache kabla, na timu ikalazimika kutumia magari ya nguvu-farasi 60, mengine yakiwa ya kuazima kwa wateja. Kadi inayotaja gari la 90 kuwa ndilo lililoshinda imeandikwa na mtu aliyefuata tangazo la awali, au imepachikwa picha nyingine. Kwa upande mwingine, usiitilie shaka kadi ya Théry kwa sababu tu moja imeandika Richard-Brasier na nyingine Brasier. Majina yote mawili yalitumika. Kumbuka vilevile kwamba mwaka 1904 Ufaransa ilifanya mchujo wake Ardennes na Uingereza ikafanya wake Isle of Man, kwa hiyo jina la Gordon Bennett kwenye kadi halimaanishi kwamba picha ilipigwa Taunus.

Hatua ya saba: linganisha na picha zenye tarehe

Maktaba ya taifa ya Ufaransa ina hazina ya mtandaoni iitwayo Gallica, ambayo husomwa bila malipo. Humo zimo toleo kwa toleo za La Vie au grand air, jarida la michezo lililojaa picha za mbio hizo, pamoja na picha za shirika la Rol lililoanzishwa mwaka 1904. Tafuta kwa maneno ya Kifaransa, yaani Coupe Gordon-Bennett, Circuit d'Auvergne au jina la dereva, kisha uchuje kwa mwaka. Ukipata gari lenye namba sawa, linganisha umbo la rejeta, idadi ya spoki, mahali ulipo mkono wa breki na jinsi mikanda ya boneti ilivyofungwa. Vitu hivyo vidogo havikubadilishwa na mchora vumbi. Picha mbili zikikubaliana katika mambo manne au matano ya aina hiyo, dai la kadi limepata mguu wa kusimamia.

Hatua ya nane: ukiamua kununua

Usinunue kadi ambayo muuzaji hajaonyesha mgongo wake. Mwombe picha ya pande zote mbili zikiwa kando ya rula, na picha moja iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Muuzaji mwaminifu hufanya hivyo siku hiyohiyo, na anayekuja na visingizio amekwisha kukujibu. Angalia kadi kama hiyo iliuzwa kwa kiasi gani katika minada iliyokwisha, wala si kwa bei zinazoombwa, kwa kuwa kuomba hakugharimu kitu. Omba itumwe kwa rejista, katikati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyo vikubwa kuliko bahasha ya ndani.

Hatua ya tisa: iskani na uiandikie kumbukumbu

Iskani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, na usikate kingo. Hifadhi faili la asili bila kulisafisha. Nakala ya kupamba au kutuma kwa marafiki itengenezwe kutoka kwake.

Kumbukumbu iandikwe kwa sentensi, ikitenganisha unachokiona na unachokikisia. Kwa mfano: «Kadi ya milimita 89 kwa 139. Mgongo umegawanywa, una onyo kuhusu nchi za kigeni. Stempu ya santimu 10 upande wa picha. Muhuri wa Clermont-Ferrand, Julai 1905, siku haisomeki. Uchapaji wa chembechembe. Maelezo yanasema ni Théry akipita. Namba haionekani, kwa hiyo haijathibitika kama ni mchujo au Kombe.» Maneno «haijathibitika» yana heshima yake, na yatamwokoa atakayerithi kadi hiyo. Kamwe usiandike chochote kwenye kadi yenyewe, hata kwa penseli.

Hatua ya kumi: itunze kwa kufuata hali ya hewa ya mahali ulipo

Itie katika mfuko wazi wa poliesta au polipropilini. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu ya plastiki mpya, hutoa kemikali zinazonatisha na kuchafua uso wa picha. Usiilaminishe, usiibandike kwa selotepu, na usijaribu kufuta uchafu kwa kitambaa kibichi wala kwa raba. Brashi laini ya kupanguza vumbi inatosha. Ikiwa kadi imegundishwa katika albamu ya zamani, iache humo, kwa sababu albamu nayo ni ushahidi. Ukitaka kuitundika ukutani, chapa nakala kutoka kwenye skani na uitundike hiyo.

Karatasi na picha hupenda unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 30 na 50 usiobadilikabadilika. Anayeishi Nairobi au Arusha ana taabu ndogo zaidi, lakini wa Tanga, Lamu au Muscat ana kazi. Weka mifuko ndani ya boksi la plastiki ngumu lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vya aina inayobadilika rangi vinapojaa unyevu, na uvikaushe au uvibadilishe mara vinapobadilika. Boksi likae chumba cha ndani, juu ya rafu, mbali na ukuta unaopigwa na mvua na mbali na sakafu ambako mchwa na mende huanzia safari zao. Naftalini, yaani vidonge vya kufukuzia wadudu kabatini, isitiwe humo, kwa kuwa mvuke wake hushambulia baadhi ya plastiki.

Fungua boksi mwanzoni na mwishoni mwa masika. Ukiona utando wa ukungu kwenye kadi, usiupanguze papo hapo, maana mbegu zake zitasambaa kwenye kadi nyingine. Ifunge peke yake katika mfuko wa karatasi, uiache sehemu kavu yenye hewa mpaka utando ukauke na kuwa unga, kisha uipeleke nje, uvae barakoa, na uupanguze kwa brashi laini ukielekeza upepo mbali nawe. Brashi hiyo isitumiwe tena kwa kadi nyingine.